Lori Lisilowaka Lisinunuliwe kwa Maneno



Tangu sheria ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, iliporekebishwa hapa Uganda mwaka 2022, mwanachama aliyefikia umri wa miaka 45 na kuchangia kwa miaka 10 au zaidi ana ruhusa ya kuchukua asilimia 20 ya akiba yake kabla ya kustaafu. Sheria hiyo ni haki yetu, nasi hatuipingi. Lakini kila mmoja wetu anajua dereva huwaza nini anapopata fedha nyingi kwa mara ya kwanza maishani mwake. Huwaza lori lake mwenyewe. Mtu aliyewaendeshea wengine kutoka Malaba hadi Katuna kwa miaka 20 hawezi kulaumiwa akitamani kuendesha mali yake.

Taabu ni kwamba fedha hiyo hainunui lori jipya, hata watu watano wakichanga pamoja. Hununua lori kuukuu. Na katika yadi yoyote ya malori makuukuu, lenye bei ya kuvutia kuliko yote ni lile lililoegeshwa pembeni, majani yameota chini ya magurudumu yake, na halijawaka siku nyingi. Mwenyewe akiulizwa husema, “Ni betri tu.” Dalali naye huongeza, “Mpigieni dizeli, litawaka.” Basi wanachama huhesabu fedha.

Maoni yetu ni haya: lori lisilowaka si lazima liwe lori bovu, na mara nyingine ni nafuu ya kweli kwa mwenye macho. Lakini hakuna mfanyakazi anayepaswa kutoa akiba ya uzee wake kabla ugonjwa wa lori haujajulikana na kuandikwa kwenye karatasi. Na kazi ya kuujua isiachiwe muuzaji, wala dalali, wala mwenyekiti wa kikundi asiyejua pampu wala nozeli. Ni kazi ya madereva na mafundi wetu wenyewe, tena chama kinapaswa kuwasimamia.

Yafaa kwanza tukumbushane injini ya dizeli inataka nini. Rudolf Diesel alipofaulu kuendesha injini yake huko Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, jambo la ajabu lilikuwa kwamba haikuhitaji cheche. Hadi leo ni hivyo. Hewa huingia katika silinda, pistoni huibana mpaka ibaki kama sehemu moja ya 16 hadi 20 ya ukubwa wake, nayo hupata joto linalopita nyuzi 500 za Selsiasi. Hapo dizeli hunyunyizwa na nozeli ikashika moto yenyewe. Kwa hiyo injini inataka mambo manne tu: izungushwe kwa kasi ya kutosha, ipate hewa, ibane hewa hiyo vizuri, na ipate dizeli safi kwa wakati wake. Lori likikataa kuwaka, moja la haya manne limekosekana. Anayesema “ni betri tu” anadai kwamba amekwisha kuyapima yale matatu mengine. Aulizwe ameyapima lini na kwa kifaa gani.

Sasa tuseme kikundi chetu kimefika yadini. Kabla ya kugusa ufunguo, mtu mmoja aweke mkono juu ya injini na juu ya radieta. Ikiwa kuna joto, lori hilo limewashwa kabla hamjafika, na mnachotaka kuonyeshwa si kile mlichokuja kukiona. Injini iliyochakaa ringi huwaka vizuri ikiwa moto na hukataa ikiwa baridi. Rudini kesho asubuhi bila kupiga simu.

Halafu chomoeni kijiti cha kupimia oili. Oili nyeusi si tatizo katika dizeli. Oili yenye rangi ya maziwa ina maji ndani yake: pengine gasketi ya silinda hedi imekufa, au hedi yenyewe imepasuka. Oili iliyopanda kupita alama na kunuka dizeli ina maana kwamba dizeli inavuja kuingia chini. Fungueni kifuniko cha radieta, injini ikiwa baridi, mtazame kama kuna mafuta yanayoelea. Haya hayagharimu hata shilingi moja, na yamewahi kumaliza mazungumzo ya bei kabla hayajaanza.

Baadaye chukueni spana ndefu, mzungushe injini kwa mkono kwa nati ya mbele ya krankshafti, mizunguko miwili kamili, kwa sababu injini hii humaliza kazi ya silinda zote katika mizunguko miwili. Gia iwe huru na ufunguo uwe mfukoni mwa anayezungusha. Ikizunguka kwa uzito ulio sawa, ni jambo jema. Ikikwama ghafla mahali pamoja, msiilazimishe kwa stata. Huenda maji au dizeli imejaa katika silinda, na kimiminiko hakibaniki kama hewa. Konrodi itapinda, nanyi mtaambiwa mmevunja mali ya watu. Isipozunguka kabisa, injini imeshikana. Hapo hakuna tena habari ya betri.

Tukija kwenye betri: malori makubwa mengi yana umeme wa volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo. Betri nzima iliyojaa huonyesha kama volti 12.6 ikipumzika. Msizitegemee betri za muuzaji. Nendeni na zenu mbili mnazozijua, zilizojaa. Fungeni, kisha safisheni waya wa athi unaoshika kwenye chesisi, kwa kuwa kutu ya mahali hapo imewafanya watu wengi wanunue stata mpya bure. Mtu apige stata na mwingine aangalie mita. Umeme ukishuka chini ya volti 19 hivi huku betri zenu ni nzima, ama stata inakula umeme kupita kiasi, ama injini ni nzito kuzunguka. Umeme ukibaki juu na stata ikalia “tak” tu bila kuzungusha, tazameni nyaya, solenoidi na stata yenyewe. Hayo hutengenezeka, na bei yake yajulikana.

Injini ikizunguka kwa kasi nzuri na bado haiwaki, basi neno la “betri tu” limekwisha. Sasa mtu asimame nyuma aangalie bomba la moshi. Hapa ndipo lori lenyewe linaposema.

Ikiwa hakuna moshi wowote, dizeli haifiki katika silinda. Hili ndilo tatizo lenye matumaini kuliko mengine. Angalieni kama tangi lina kitu, kama chujio limeziba, kama kikombe cha kutenga maji kimejaa maji. Angalieni solenoidi ya kuzimia injini: katika pampu nyingi za zamani isipopata umeme hufunga dizeli, na ufunguo unapowashwa yapasa isikike ikigonga. Penye kamba ya kuzimia, angalieni isiwe imekwama. Kisha fanyeni jambo ambalo mafundi wetu wamelifanya miaka yote: chukueni jeriken ya dizeli safi na mpira unaopitisha mwanga, mlishe pampu moja kwa moja, mtoe hewa kwa pampu ya mkono hadi mapovu yaishe ndani ya mpira. Likiwaka hapo, kosa liko kati ya tangi na pampu. Ni bomba lililopasuka, ni chujio, ni pampu ndogo ya kuvutia. Huo ni ugonjwa wa bei ndogo, na lori la namna hiyo ndilo nafuu tuliyoitaja.

Ikiwa moshi mweupe unatoka kwa wingi wakati wa kupiga stata, na unachoma macho kwa harufu ya dizeli, basi dizeli inafika lakini haishiki moto. Hapa matumaini yapungue. Huenda plagi za kupasha moto zimekufa, katika injini zilizo nazo. Huenda mtu aliifungua pampu akairudisha bila kufuata alama zake. Lakini huenda pia injini haibani hewa tena, kwa sababu ringi, vali au silinda zimekwisha, na tiba yake ni kufungua injini nzima. Hakuna mtu, hata awe fundi wa miaka 40, anayeweza kutofautisha haya kwa kutazama tu. Sharti ipatikane geji ya kupimia mbano, kila silinda ipimwe, na namba zilinganishwe na zile alizotoa mtengenezaji. Silinda moja ikiwa chini mno kuliko wenzake, au zote zikiwa chini, majibu mmeyapata.

Kuna tahadhari tatu ambazo hatuwezi kuziacha. Ya kwanza ni dawa ya kupuliza yenye etha. Muuzaji akiileta ili lori “lishtuke”, mkataeni. Etha hulipuka mapema na kwa nguvu. Huvunja ringi na pistoni, na penye plagi za kupasha moto yaweza kulipuka usoni mwa anayepuliza. Tena injini iliyozoea etha huwa haiwaki bila etha. Ya pili ni kuvuta lori kwa lori jingine ili liwake. Likiwaka kwa kuvutwa, mmejua tu kwamba linaweza kuvutwa. Ya tatu inahusu malori ya siku hizi yenye mfumo wa komoni reli, ambao kampuni ya Denso iliuleta katika malori ya Hino mwaka 1995. Humo dizeli hukaa kwa kanieneo inayopita mara 1,000 ile ya hewa. Ile desturi ya zamani ya kulegeza nati ya bomba la nozeli ili kuona kama dizeli inaruka isifanywe hapo hata kidogo. Dizeli ya nguvu hiyo hupenya ngozi ya kidole, na watu wamekatwa mikono kwa jeraha lililoonekana kama tundu la sindano. Malori hayo yanataka kompyuta ya kusomea makosa. Huenda nozeli moja inarudisha dizeli nyingi mno, kanieneo haifiki kiwango, na kompyuta ya lori inakataa kunyunyiza. Asiye na chombo cha kupimia asikisie.

Tuseme sasa limewaka. Wengi hupiga makofi hapo na kufungua mikoba. Twasema subirini. Injini ikinguruma, legezeni kifuniko cha kutilia oili: moshi ukipuliza kwa nguvu kama kwenye birika, mbano unapita kando ya ringi. Moshi wa bluu usiokwisha ni oili inayoungua. Liacheni lizimwe, lilale, mrudi alfajiri mlione likiwaka baridi, mbele ya macho yenu, kwa betri zenu. Kisha lipandishwe mlima likiwa na mzigo. Jambo hili si la anasa kwa sisi wa njia hii. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya bahari, na Kabale, mahali wengi wetu tunapolala kabla ya kuvuka Katuna kwenda Kigali, iko karibu mita 2,000. Alfajiri ya huko ni baridi na hewa ni nyepesi. Lori lililowaka saa nane mchana katika joto la yadi ya Mombasa au Kampala laweza kugoma Kabale saa kumi na moja asubuhi, na mzigo wa watu ukiwa mgongoni.

Sasa tuje kwenye bei, maana hapa ndipo jasho la mfanyakazi linapopotea. Tuseme, kwa mfano tu, lori la aina fulani likiwa zima huuzwa shilingi milioni 80, na hili lisilowaka linatakiwa milioni 55. Dalali atasema mmeokoa milioni 25. Hesabu hiyo si ya kweli. Ikiwa kosa limejulikana kuwa ni pampu na nozeli, na fundi ameandika kwamba matengenezo ni milioni 7, basi mmeokoa milioni 18, toeni na gharama ya kulivuta na siku litakazokaa gereji bila kazi. Hiyo ni biashara halali. Lakini ikiwa kosa halijulikani, hesabuni kwamba injini imekufa. Bei ya lori lisilojulikana ugonjwa wake ni bei ya chesisi, kabini, difu na magurudumu, basi. Muuzaji akiona bei hiyo ni ndogo, njia yake ni nyepesi: aliwashe.

Wapo watakaosema, “Tukiweka masharti hayo, muuzaji atampa mwingine.” Kweli, huenda akampa. Lakini muuzaji anayekimbia mita ya volti na jeriken ya dizeli amekwisha kutueleza hali ya lori lake, tena bila malipo. Wengine watasema tunawatukana wauzaji wote. Hatusemi hivyo. Kuna wauzaji waaminifu, na kuna wanachama wetu wanaouza malori yao wenyewe wakizeeka. Hao ndio watakaofaidika kwanza, kwa sababu leo lori lao zuri linauzwa kwa bei ileile ya shaka wanayostahili wadanganyifu.

Lipo pingamizi jingine lenye uzito zaidi, nalo linatugusa sisi wenyewe. Mara nyingi kikundi huenda na fundi, na bado hununua lori bovu. Kwa nini? Kwa sababu fundi huyo hulipwa lori likinunuliwa tu. Dalali humtilia kitu mfukoni, na kikundi humwahidi kazi ya matengenezo. Asemapo “nunueni” anapata mara mbili. Asemapo “acheni” anarudi nyumbani kwa miguu. Tusimlaumu mtu mwenye watoto kwa kutozipinga njaa mbili kwa wakati mmoja. Tulaumu utaratibu, na tuubadili. Fundi alipwe na wanachama, alipwe kabla ya kufungua boneti, na malipo yawe sawa, asemapo nunueni na asemapo acheni. “Acheni” ya fundi mwaminifu ni kazi kamili, tena ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote alizotufanyia mwaka huo.

Na dereva asiachwe nyuma. Fundi hujua injini ikiwa imesimama. Dereva huijua ikiwa njiani. Klachi inayoteleza, gia inayoruka mlimani, breki zinazovuta upande mmoja, haya hayaonekani yadini. Mara nyingi mwenyekiti na mweka hazina ndio huenda kununua, na dereva huitwa siku ya kulichukua. Jambo hilo ni la kusikitisha sana katika kikundi cha madereva.

Kwa hiyo twapendekeza mambo haya yajadiliwe katika mikutano ya matawi.

Kwanza, kila tawi liwe na sanduku moja la vifaa vya kukagulia: mita ya volti, betri mbili zilizojaa, geji ya mbano ya dizeli pamoja na vifungio vyake, jeriken safi, mpira unaopitisha mwanga, tochi na spana ndefu. Tawi likichanga, mzigo huu si mkubwa. Mtu mmoja peke yake hawezi kuubeba.

Pili, lori lolote linalonunuliwa kwa fedha ya wanachama likaguliwe na watu wawili, fundi na dereva, wasiokuwa na malipo yoyote kutoka kwa muuzaji au dalali. Namba ya chesisi na ya injini zilinganishwe na zile za kitabu cha gari, herufi kwa herufi. Taarifa iandikwe kwa lugha ambayo wanachama wote wanaielewa, isomwe mbele yao, na kila mmoja apewe nafasi ya kuuliza.

Tatu, pasiwe na rubuni yoyote bila mapatano ya maandishi yenye mashahidi, yakisema kwamba lori litawaka baridi mbele ya wanunuzi, na kama halikuwaka, rubuni hurudishwa yote. Likinunuliwa likiwa halijawaka, basi mapatano yaseme hivyo waziwazi, na bei iwe ya namna tuliyoieleza.

Nne, lori likishanunuliwa, wanachama wakumbuke kwamba dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa huimaliza pampu mapema, kwa kuwa mafuta ya taa hayalainishi vyuma vyake kama dizeli. Wanaonunua mafuta ya magendo kandokando ya barabara wanaandaa lori jingine lisilowaka, la kuuziwa mfanyakazi mwingine.

Asilimia 20 ya akiba ikichukuliwa hairudi. Mtu wa miaka 45 hana tena miaka 20 mingine ya kuichuma. Ikienda katika lori linalofanya kazi, huenda ikasomesha watoto na kumpa mtu heshima uzeeni. Ikienda katika lori lililovutwa kutoka yadi moja hadi gereji nyingine, atarudi barabarani kuwaendeshea wengine akiwa na mgongo unaouma, na deni juu yake. Hatupendi kumwona mwanachama yeyote hapo. Vifaa vinapatikana, mafundi tunao, na madereva ni sisi. Kilichobaki ni matawi kukata shauri.